Uwanja wa Manispaa si wa Jumamosi peke yake

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Wazee wangu, mama zangu, makocha, marefa wenzangu, na nyinyi vijana mliokuja na jezi zenu mabegani. Nimeombwa nizungumze juu ya uwanja wetu wa Manispaa hapa Mombasa, ulikotoka na kazi zake. Nitasimulia. Lakini niwaambie mapema ninakoelekea, tusije tukapotezana njiani: uwanja wa mji haupimwi kwa siku ya fainali. Siku ya fainali hata uwanja mbovu hujaa. Upimeni siku ya Jumanne, saa kumi alasiri, muone ni nani aliye ndani, na aliye nje amezuiwa na nini.

Mpira wa Afrika Mashariki una umri mkubwa kuliko bendera zetu. Kombe la Gossage lilianza kushindaniwa mwaka 1926, Kenya na Uganda peke yao, kisha Tanganyika na Zanzibar zikaingia. Kombe hilo ndilo lililozaa Chalenji tunayoijua, kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Na mji wa bandari na reli una utajiri ambao mpira unaupenda sana: vijana wengi wenye nguvu wanaotoka kazini kwa saa ileile na kwenda nyumbani kwa njia ileile. Kuli wa Kilindini, fundi wa reli, karani wa forodha, kijana wa Mji wa Kale, kila mmoja alikuwa na wenzake, na wenzake wakawa timu. Enzi za mkoloni klabu zilikuwa na milango yake, huyu apite na yule abaki nje. Ndiyo sababu uwanja wa baraza la mji, ambao mtu aliingia kwa kulipa kiingilio bila kuulizwa kabila wala rangi, ulikuwa na uzito mioyoni mwa watu.

Kenya ilipopata uhuru, ligi ya taifa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Bingwa wa 1963 alikuwa Nakuru All-Stars, wa 1964 Luo Union. Mwaka 1965 kombe likateremka Pwani: Feisal ya Mombasa ikatwaa ubingwa wa Kenya. Vijana, lishikeni hilo, maana hadi leo hakuna timu nyingine ya Pwani iliyowahi kuutwaa. Upande wa pili wa mji kulikuwa na Liverpool, ambayo baadaye ikaitwa Mwenge, na siku Feisal na Liverpool zikikutana nyumba moja iligawanyika mara mbili, baba huku na mjomba kule, na chakula cha usiku kikaliwa kwa kununiana. Wazee waliopo hapa wanacheka kwa sababu wanajua nasema kweli.

Miaka ikapita, majina yakabadilika. Coast Stars ilipokuwa ligi kuu, Manispaa ndipo palipokuwa nyumbani kwake. Congo United walipanda ligi kuu mwaka 2011, wakashuka msimu huohuo, lakini waliuamsha mji. Na Desemba 2013, Kenya ilipoandaa Chalenji, robo fainali zililetwa kwetu. Tanzania na Uganda zilimaliza dakika tisini mbili kwa mbili, zikaenda penalti, Tanzania ikapita. Uwanja ule ulikuwa ukibeba watu kama 10,000 tu. Siku ile kila aliyekuwemo aliondoka bila sauti.

Hiyo ndiyo historia ya magazeti, na naiheshimu. Lakini kuna historia nyingine ambayo haiandikwi, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa leo.

Nimefundisha michezo shuleni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimepuliza kipenga katika mechi nyingi ambazo hazikuwa na mashabiki zaidi ya wake wa wachezaji na muuza mabuyu. Kwa hiyo naujua uwanja kwa saa zake zote. Alfajiri ya siku ya mechi, mtunza uwanja hufika na vigingi, kamba ya katani na kopo la chokaa. Kamba huvutwa kutoka pembe hadi pembe mpaka ikakaza kama uzi wa udi, kisha mtu anafuata nyuma ameinama, anamwaga chokaa kidogo kidogo. Duara la kati hutengenezwa kwa kigingi kimoja na kamba ya mita 9.15. Mmoja hukishika kigingi kisiyumbe, mwenzake huzunguka. Nukta ya penalti ni mita 11 kutoka mstari wa lango, na mtunza uwanja anayejiheshimu haihesabu kwa hatua, huipima. Kazi hiyo lazima iishe mapema, kwani kusi ikishaamka chokaa haikai chini, inamrudia mtu usoni. Halafu hukaguliwa nyavu, tundu kwa tundu, na palipotoboka hufungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki. Sijapata kuona kwingine nyavu za goli zikishonwa na watu wanaojua kushona jarife, ila Pwani hii.

Huyo mtu wa chokaa hana picha ukutani popote. Ila bila yeye hakuna mechi.

Sasa twende kwenye hiyo Jumanne yangu. Uwanja wa shughuli nyingi huwa na zamu zake, hata pasipo karatasi. Asubuhi na mapema kuna wazee waliotakiwa na daktari watembee kwa ajili ya sukari na presha. Wanazunguka pole pole wakizungumza siasa, na mzunguko mmoja unaweza kuchukua muda kuliko mjadala wenyewe. Baadaye shule zinakuja na mbio za kupokezana vijiti, kuruka chini, kutupa tufe. Skauti na wanafunzi hufanya gwaride kabla ya Madaraka na Jamhuri. Alasiri timu za mitaa zinagawana uwanja, huku nusu, kule nusu, na watoto wadogo wanabaki nyuma ya goli na mpira wa matambara. Jioni wanaofanya karate wanatandika pembeni. Na nje ya lango kuna uchumi mzima: viazi karai, mihogo ya kukaanga na pilipili ya ukwaju, madafu, kahawa chungu kwa wazee wanaobishana, mabuyu kwa watoto. Mama anayeuza viazi pale hahitaji fainali. Anahitaji uwanja uwe wazi kila siku.

Ongeza na yale mengine ya mji. Mikutano ya siasa mara nyingi imekuwa Tononoka na Makadara, na sala za Idi zina viwanja vyake vilivyozoeleka, lakini mji wenye watu 1,208,333, kama ilivyohesabiwa mwaka 2019, hauwezi kutegemea sehemu mbili tatu za wazi. Likitokea janga, ikija kampeni ya chanjo, ikitakiwa sehemu pana ya kuwapanga watu kwa utaratibu, kila macho huelekea kwenye uwanja. Na viwanja vya mitaa tunavijua vilikokwenda. Mahali tulipochezea utotoni leo pana ghorofa. Kwa hiyo uwanja mmoja unaobaki unabeba mzigo wa kumi vilivyopotea.

Hapa ndipo mambo yalipotuuma. Mwishoni mwa muongo uliopita majukwaa ya zamani ya Manispaa yalibomolewa ili uwanja ujengwe upya. Hakuna aliyepinga, na mimi sikupinga, maana yale ya zamani yalikuwa yamechoka. Lakini ujenzi ukaenda kwa mwendo wa kusuasua mwaka baada ya mwaka, na mabati yakabaki yamezunguka. Sikuja kumnyooshea mtu kidole. Nataka tuone kilichopotea katika miaka hiyo, kwa sababu hakionekani kwenye hesabu ya saruji.

Mwaka 2019 timu yetu ya Bandari ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilikuwa imemaliza ligi nafasi ya pili, ikachukua na kombe la Ngao, tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ikapatikana. Ikaitoa Al-Ahly Shendi ya Sudan. Ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia, ikiifunga mbili bila mechi ya nyumbani. Na hiyo nyumbani ilikuwa wapi? Kasarani, Nairobi, takriban kilomita 480 kutoka Likoni. Mbaraki, ambako Bandari hucheza ligi, hakukukidhi masharti ya Afrika, na Manispaa hapakuwa na uwanja. Mtunisia alifungwa na timu ya Mombasa, na mtoto wa Mombasa hakumwona akifungwa. Mimi hilo bado linanichoma.

Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zikaandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Ndugu zetu wa Zanzibar, watu wa bahari moja na sisi, watu wa kusi na kaskazi moja, walipokea kundi moja pale uwanja wa Amaan: Senegal, Nigeria, Sudan na Congo-Brazzaville zilicheza pale. Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukaja ukakarabatiwa, na hauzidi sana watu 15,000. Kwa hiyo asitokee mtu akatuambia mji wa pwani hauwezi, au hewa ya chumvi hairuhusu. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika linakuja katika nchi hizi tatu. Sisemi tulililie hilo. Nasema tujue jirani amefanya nini na mazingira yaleyale tuliyo nayo.

Na mazingira hayo yana masharti yake, ambayo mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya mji wa bara hautayajua. Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo pesa za umma huliwa na bahari bila mwizi yeyote.

La kwanza ni chumvi. Nondo iliyowekwa karibu na uso wa zege hapa kisiwani hupata kutu, kutu hufura, na zege hupasuka kutoka ndani. Tunaliona hilo kwenye majumba kila siku. Jukwaa la uwanja lisilofunikwa vizuri nondo zake litaanza kumeguka kabla wajukuu zetu hawajalikalia. Vyuma vya paa na minara ya taa vinataka rangi ya kinga na ukaguzi wa kila mwaka, na huo ukaguzi uwe na fungu lake katika bajeti tangu siku ya kwanza. Kujenga ni sherehe, kila mtu hupenda kukata utepe. Kupaka rangi mnara mwaka wa saba hakuna anayekuja na kamera.

La pili ni jua. Mliokuwepo Machi 2007 mnakumbuka mbio za nyika za dunia zilipofanyika kwetu, uwanja wa gofu. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa hashikiki miaka ile, joto la Mombasa lilimshinda akaacha mbio njiani, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Joto lililomshinda Bekele ndilo analokimbilia mtoto wa darasa la saba saa nane mchana. Basi kivuli kisiwe cha wageni wa heshima peke yao. Miti ipandwe, mabomba ya maji ya kunywa yawepo pande zote, na malango yaelekezwe kaskazini na kusini ili jua la magharibi lisimpige kipa machoni.

La tatu ni nyasi, na hapa makocha tutabishana. Nyasi bandia zinavumilia kuchezewa kutwa, masika na kiangazi. Lakini chini ya jua letu hupata joto jingi kuliko nyasi za udongo, na ukianguka unaungua ngozi. Nyasi za kawaida ni baridi na zinapendeza, ila zikikanyagwa kila siku asubuhi na jioni zinakufa, na masika ikimwagika mwezi wa tano bila mifereji ya chini, uwanja unakuwa shamba la mpunga. Maoni yangu ni haya: uwanja mkubwa uwe wa nyasi za kawaida na mifereji ya kweli, na pembeni, hata pakiwa padogo, pawe na kiwanja cha nyasi bandia chenye taa kwa ajili ya mazoezi ya kila siku. Pasipopatikana nafasi ya viwili, basi nitachagua hizo bandia, na zimwagiwe maji kabla ya watoto kuingia. Wapenda uzuri mtanisamehe. Uwanja mzuri uliofungwa ili nyasi zisiharibike haumsaidii mtu.

Kuhusu njia ya riadha, najua kuna wanaotaka iondolewe ili mashabiki wakae karibu na mstari. Raha hiyo naielewa. Lakini Kenya inasifika duniani kwa mbio, na mtoto wa Pwani anajifunzia kupokezana kijiti kwenye mchanga au kando ya barabara. Mita 400, njia nane, ziwepo.

Na milango. Hapa nasema kwa masikitiko. Tarehe 23 Oktoba 2010, uwanjani Nyayo, siku ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu 7 walikufa katika msongamano wa kuingia. Watu walikwenda kutazama mpira. Milango ya uwanja wetu iwe mipana, iwe mingi, ifunguke kuelekea nje, na siku ya mechi pasiwe na hata mmoja uliofungwa kwa kufuli eti kuzuia wasiolipa. Mtu kumi wakiingia bure si hasara ya kulinganishwa na maiti mmoja.

Sasa nije kwa mabinti zetu. Kila uwanja niliowahi kufanyia kazi ulikuwa na chumba cha wachezaji wa nyumbani, chumba cha wageni na kichumba cha refa. Timu za wasichana zikija, zilibadilishia nguo kwenye matatu au nyuma ya leso zilizoshikwa na wenzao. Nimeshuhudia kocha mmoja wa kike akiwapanga wasichana wakubwa kuwa ukuta, wamegeuza migongo, ili wadogo wavae jezi, na wavulana wanapita karibu wakipiga mluzi. Halafu tunauliza kwa nini wakifika miaka kumi na minne wanaacha. Mama wa Kisauni au wa Mji wa Kale anayemruhusu binti yake kucheza ameshapigana vita vyake na majirani. Tusimwongezee vingine kwa kukosa mlango wenye komeo na choo chenye maji. Na katika zamu za Jumanne, wawe na saa yao iliyoandikwa, isiyoweza kuchukuliwa na timu ya wanaume kwa kuwa tu ina mechi ya ligi wikendi.

Hilo la kuandikwa ndilo ninalotaka mlibebe. Katiba yetu ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya michezo na vifaa vyake. Kwa hiyo uwanja huu ni jambo la hapahapa, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla bajeti haijapita. Vikao hivyo hutangazwa, na mara nyingi viti huwa vitupu. Wanaofika ni wachache, huuliza juu ya barabara na maji, mambo ya haki kabisa, na uwanja unaachwa uamuliwe na wanaofikiria fainali tu. Nendeni mkaulize bei. Timu ya mtaa isiyo na mdhamini italipa shilingi ngapi kwa saa? Shule ya umma italipa kitu? Ikija tamasha la muziki likachoma nyasi kwa jukwaa lake, atakayezirudisha ni nani, na amana ameacha wapi? Hati ya ardhi iko kwa jina la nani? Hayo si maswali ya uadui. Kiongozi anayetaka kazi yake idumu atayafurahia, kwa sababu yanamlinda na yeye.

Na muombe ratiba ya wiki ibandikwe langoni, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, siku zote saba. Anayetaka kuwaondoa watoto Jumanne kwa ajili ya mgeni wake alazimike kuibandua mbele ya watu.

Nimemaliza yangu. Katibu ana karatasi za maoni pale mezani na kalamu zipo. Makocha wa timu za wasichana watangulie, kisha mama zetu wa nje ya lango, kisha sisi wengine. Andikeni na namba ya wadi yenu, maana karatasi isiyo na wadi huwekwa kando. Ahsanteni sana.